Tulivyokwenda Bunju Kumlilia Hilda

Ninyi mliobaki Tandika mmeniuliza mara nyingi safari ya Bunju ilikuwaje, na kila mmoja amepata kwangu jibu la mkato. Wengine mmesikia vipande kwa Mzee Lukas, ambaye huisimulia kana kwamba yeye alipanda gari lingine. Nimeona bora niandike mwenyewe, tangu tulipoondoka hadi tuliporudi. Aibu ukiisimulia mwenyewe huwa na mwisho, wakiisimulia watu haina.

Sababu ya safari ilikuwa turubai. Saidi wa mkaa, yule anayepakua magunia nyuma ya soko kila Jumatano, alishuka kwenye lori akaniambia, "Mama Beno, jana nimepita kwa yule sista yenu wa Bunju. Turubai limefungwa uani, watu kibao, masufuria makubwa makubwa jikoni. Sikuweza kusimama, gari si langu." Alisema hayo tu. Hakusema mtu amekufa. Lakini tulijua Hilda ni mgonjwa, na katika mji huu nani anafunga turubai na kupikia watu katikati ya juma kama si msiba? Nikashika kichwa palepale sokoni. Kabla jua halijazama, kanisa zima lilikuwa na habari kwamba Hilda ameitwa na Bwana.

Kwa asiyemjua, Hilda ndiye aliyekuwa sauti ya pili katika kwaya yetu ya akina mama. Mumewe alikuwa akifanya kazi kiwanda cha nguo, na miaka ile viwanda vilipoanza kupunguza watu, naye akapunguzwa. Wakahamia Bunju, wakajenga kijumba cha udongo kwenye kiwanja cha mikorosho. Mume akaaga kwamba anakwenda kutafuta madini bara, na tangu hapo hata salamu hakuleta. Hilda akaenda kupasua kokoto Tegeta pamoja na wanawake wenzake, mpaka siku ukuta wa shimo ulipomporomokea ukamvunja nyonga. Yote hayo tuliyapata kwa Saidi, maana yeye ndiye aliyekuwa mjumbe. Kila alipokuja alisema, "Hilda anawasalimu. Anasema mkipata nafasi mwende mkamwimbie kidogo." Nasi tukajibu, "Mwambie tunakuja." Masika yakaja yakapita, vuli ikaingia, na sisi bado tulikuwa tunakuja.

Sababu tulikuwa nazo. Nauli imepanda, biashara ni ya kukimbizana, mwenye genge hawezi kuacha genge, mwenye mitumba akikosa siku ya kufungua belo amekosa riziki ya juma. Mnazijua, tulizitoa pamoja. Lakini jioni ile ya Jumatano hakuna aliyekuwa na sababu hata moja. Lori likapatikana kwa mfanyabiashara mmoja jirani, mchele ukapatikana, maharage yakapatikana, shada la maua likapatikana. Genge langu nililifunga bila kuangalia nyuma.

Tandika tuliondoka asubuhi na mapema, akina mama tumejaa nyuma ya lori, kanga mbili mbili, Mzee Lukas mbele na dereva. Mzee Lukas ni mzee wa kanisa letu na ndiye angeongoza ibada. Hapa lazima niseme kitu ambacho mnakijua lakini mimi sijawahi kukitamka: katika misiba yetu, mimi ndiye huanza. Sauti yangu ni ya kwanza kwenye kwaya na ni ya kwanza kwenye kilio. Sisi tuliotoka kusini hatuingii msibani kimya kama wageni wa harusi, hulia tangu njiani ili mfiwa ajue tumefika. Akina mama walikuwa wananipisha nikae ukingoni ili sauti itoke vizuri. Nami nilikaa. Nilikuwa na huzuni ya kweli, sikatai, lakini ndani ya huzuni ile mlikuwa na kiburi cha mtu anayekwenda kufanya kazi anayoiweza.

Tukashika barabara ya bandarini hadi Ubungo. Pale foleni ya mabasi ya bara ilitusimamisha, na watu walipoona shada na kanga zetu wakatupisha. Wapiga debe wakanyamaza. Mzee mmoja mwenye mzigo wa magodoro akavua kofia na kuishika kifuani mpaka tulipopita. Mama mmoja karibu yangu akasema, "Hilda kaheshimika." Nikaitikia kwa kichwa.

Mwenge tulisimama kuchukua msalaba. Pale kwa wachongaji yupo ndugu wa kwetu Newala, na tangu jana yake tulikuwa tumemtumia ujumbe. Alikuwa amefanya kazi nzuri ajabu: mbao ya mkongo, imepigwa msasa ikateleza, jina la Hilda limechongwa kwa herufi za kusimama. Chini ya jina kulikuwa na nafasi ya siku ya kuzaliwa na siku ya kufa. Siku ya kufa tulikuwa nayo. Tulikwishaihesabu wenyewe: Saidi kaona turubai Jumanne, basi mtu kafa Jumatatu. Mchongaji akaichonga mbele yetu. Kisha akauliza, "Na kuzaliwa?"

Tukatazamana. Mzee Lukas akanitazama mimi, mimi nikamtazama mama mwingine. Hakuna aliyejua.

"Acha wazi," Mzee Lukas akasema. "Tutajaza baadaye."

Kawe lori lilichemsha maji. Dereva akafunua boneti, nasi tukashuka kukaa kwenye nyasi. Mzee Lukas akatoa karatasi ili tuandike wasifu wa marehemu. Utoto wake tuliuandika, ndoa tuliandika, kwaya tuliandika. Tulipofika Bunju tukakwama. Alikuwa anaishi na nani? Nani alimpikia? Aliteswa na nini zaidi, maumivu au upweke? Hatukujua, kwa hiyo tukatunga. Mimi mwenyewe nilisema andika kwamba alikuwa karibu na kanisa lake hadi dakika ya mwisho. Mzee Lukas akaandika bila kupepesa jicho.

Tukiwa bado tunasubiri maji yapoe, tukajaribu wimbo wa jioni ambao Hilda aliupenda, ule wa kumwomba Bwana akae nasi giza likiingia. Haukukaa sawa. Sauti ya kwanza ilikuwepo, tena kubwa, na wa sauti nzito walikuwepo, lakini katikati palikuwa na pengo. Tukaurudia, pengo likabaki palepale. Ndipo mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Si yeye ndiye aliyekuwa hapo." Tukaacha kuimba.

Tegeta lami ilitutupa mkono, vumbi likatupokea. Kando ya barabara wanawake walikuwa wamekaa kwenye vilima vya mawe na nyundo zao, wengine wana watoto mgongoni. Walipouona msalaba wakaweka nyundo chini. Dereva alipunguza mwendo kukwepa shimo, na mmoja akauliza, "Mnamzika nani, mama?"

"Hilda wa Bunju."

"Hilda wetu? Lini tena?"

"Jumatatu," nikamjibu kwa uhakika wote.

Mama yule akaweka mikono kichwani. Lori likaendelea, na nilipogeuka nikaona wenzake wamemzunguka.

Bunju, dereva alituingiza kwenye njia ya mchanga kati ya mikorosho. Turubai lilionekana kwa mbali, kweli lipo, na watu wapo chini yake. Huo ndio wakati wangu. Nilijifunga kanga kiunoni, nikaruka kabla lori halijasimama sawasawa, nikaanza. Nililia jina lake, nikalia ukoo wake, nikamwuliza ametuachia nani, nikamwuliza sauti ya pili ataishika nani. Akina mama wakapokea nyuma yangu. Wawili wakaanguka mchangani. Nadhani sijawahi kulia vizuri kama siku ile.

Kutoka uani akatoka bibi mmoja mwenye ushungi, mwiko mkononi unachuruzika uji. Nyuma yake wanaume waliokuwa juu ya paa na makuti mikononi wakasimama wakiduwaa.

"Kafa nani jamani?" bibi akauliza. "Mbona mie jirani sina habari?"

"Dada yetu!" nikalia. "Dada yetu Hilda!"

Na kutoka ndani ya nyumba, kwenye dirisha dogo lililokuwa hatua chache kutoka niliposimama, sauti niliyoijua ikasema, "Hiyo si sauti ya Mama Beno? Mama Beno, nani kafa?"

Kilio kilikatika kama umeme. Wale wawili waliokuwa mchangani walinyanyua vichwa, nyuso zimejaa mchanga, wakabaki hivyo hivyo. Mimi nilikuwa bado nimeinua mikono. Sikujua niishushe vipi.

Bibi yule, ambaye baadaye tulimjua kwa jina la Bi Mwanahamisi, hakutukana. Laiti angetukana. Aliniangalia kuanzia kanga hadi miguuni akasema taratibu, "Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, wa mbali wakaingia. Nyie mmekianzia barabarani. Haya, karibuni, mgonjwa anawasikia."

Mambo yalikuwa hivi. Mvua za vuli zilikuwa zimeangusha ukuta mmoja na kuozesha paa. Bi Mwanahamisi, ambaye wazazi wake na mababu zake wamezaliwa palepale, aliwaita wanawe na majirani wa msikitini kwao. Wakafunga turubai ili mgonjwa na vyombo visilowe, wakapika uji na ugali wa wajenzi, wakaanza kukandika udongo na kuezeka. Huo ndio msiba aliouona Saidi. Watu ambao hawajawahi kuketi naye kanisani walikuwa wanamjengea nyumba, na sisi tulikuwa tumemletea shada.

Ndani, Hilda alikuwa amelala kitanda cha kamba, amekonda, lakini macho ni yaleyale. Tukaingia kwa zamu, hakuna aliyetaka kuwa wa mbele. Mzee Lukas akakohoa.

"Dada Hilda, tumekuja kukuona. Tulisikia unaumwa."

"Asante, Mzee. Shikamoo. Nimeumwa muda mrefu, mmefanya vizuri kuja." Halafu akatazama nje ya dirisha, kule lori lilipokuwa. "Na ule msalaba ni wa nani?"

Akaomba uletwe. Dereva, ambaye hakujua afanye nini zaidi ya kutii, akauleta hadi kitandani. Hilda akapitisha kidole kwenye herufi za jina lake, pole pole, mpaka chini.

"Jumatatu?" akasema. "Jumatatu nilikunywa uji mara mbili."

Bi Mwanahamisi akaangua kicheko mlangoni, na Hilda naye akacheka huku ameshika ubavu kwa maumivu. Sisi hatukuweza kucheka. Nilitamani ardhi ya kile chumba inimeze. Kisha kicheko chake kikaisha, akaniuliza mimi, si mwingine.

"Mama Beno, salamu zangu kwa Saidi zilikuwaga zinafika?"

Ningeweza kusema hapana. Saidi hakuwepo kunikanusha.

"Zilifika," nikasema. "Zote."

"Aa," akasema. "Basi."

Hilo "basi" ndilo ninalolisikia hadi leo. Halikuwa na hasira ndani yake. Lilikuwa la mtu aliyekuwa anajiuliza jambo moja tu siku nyingi, sasa amelijua, anaendelea. Nikapiga magoti kando ya kitanda nikamwomba msamaha, na safari hii machozi yalitoka bila sauti yoyote. Akanishika kichwa.

"Mie sikukuita uje kulia," akasema. "Nilitaka mje mwimbe. Kila jioni naimba ule wimbo wetu, naimba sauti yangu tu. Pale mnapoingia nyie nanyamaza, nahesabu mapigo, nawaachia nafasi. Halafu naendelea."

"Ndiyo!" Bi Mwanahamisi akadakia. "Kila magharibi nikitoka kuswali namsikia. Mie nilijua ndivyo ulivyo, wimbo wa kukatika katika. Hata wajukuu zangu wanauimba hivyo hivyo uani."

Nikamwuliza Hilda amewezaje. Nilimwuliza kweli, si kwa adabu ya kumtembelea mgonjwa. Amewezaje na nyonga ile, bila mume, bila sisi, ukuta umeanguka mvua inanyesha ndani.

"Mwanzo niliomba nipone," akasema. "Sikupona. Nikakasirika, nikakaa bila kuomba kabisa. Ikawa mbaya zaidi, maana maumivu yapo na wa kuzungumza naye hayupo. Nikarudi, nikaomba kustahimili. Hicho napewa. Lakini Mungu hanipi cha mwezi, Mama Beno. Unakumbuka sukari ya foleni enzi zile, kwa balozi wa nyumba kumi? Unapimiwa ya leo, kesho unarudi unapanga tena. Ndivyo anavyonipimia. Kila asubuhi naamka sina kitu, napanga foleni. Hajawahi kufunga dirisha kabla sijafika."

Kisha akaongeza, "Na siku moja nilipanga foleni nikapewa Bi Mwanahamisi."

"Ah, wewe," Bi Mwanahamisi akasema, akageukia sufuria lake.

Mchele na maharage ya matanga vikapikwa pamoja na ugali wa wajenzi. Tukala chini ya turubai, Hilda amebebwa nje na kitanda chake akawa katikati. Mzee Lukas alipotaka kusoma neno, aliutoa ule wasifu mfukoni kwa bahati mbaya, akautazama, akaukunja ukawa mdogo sana. Aliomba sala fupi kuliko zote nilizowahi kumsikia. Sisi akina mama tukavua viatu, tukabeba udongo na maji kwenye karai, tukakandika ukuta wa nyuma pamoja na majirani.

Alasiri tuliimba. Mimi nilikuwa nimekaukwa na sauti kwa kile kilio changu, na wimbo ulipofika pangu nilitoa mkwaruzo tu. Hilda alianza sauti ya pili akiwa amelala, wa sauti nzito wakaingia, na wenzangu wa sauti ya kwanza wakanibeba. Pengo la Kawe halikuwepo. Nikamwona Bi Mwanahamisi ameacha kuosha vyombo, mikono imelowa.

"Kumbe una wenziwe!" akasema. "Hilda, kumbe wimbo wako una wenziwe!"

Hilda hakuweza kumjibu, alikuwa anaimba.

Wakati wa kuondoka tulitaka kuuficha msalaba chini ya maturubai ya lori. Hilda akakataa. "Niachieni. Mkongo huu hauozi. Nikitaka kukaa sina pa kushika, kamba inanikata viganja. Ila ikwangueni hiyo Jumatatu." Mtoto mkubwa wa Bi Mwanahamisi akaikwangua kwa patasi, kisha akachimba shimo kwenye sakafu ya udongo kando ya kitanda, akausimika na kushindilia. Hilda akanyoosha mikono yote miwili, akaushika, akajivuta. Jasho lilimtoka. Alikaa.

Tukaanza kurudi hadi Tegeta. Pale nilimgongea dereva asimame. Wale wapasua kokoto walikuwa wameacha kazi, wametandika kanga chini wanachangishana. Nikashuka peke yangu, maana mimi ndiye niliyesema Jumatatu. Niliwaambia Hilda yu hai. Yule mama aliniuliza, "Sasa wewe si ulisema mnakwenda kumzika?" Nikasema ndiyo, nilisema. Akaniangalia sana. Halafu akaokota kile kilichokuwa kwenye kanga, akakifunga fundo akanipa. "Basi na hiki mpelekee hivyohivyo, akiwa hai." Nikampokea kwa mikono miwili.

Tandika tulifika giza linaanza kuingia. Ninyi mlikuwa mmetandika mikeka uani mwa kanisa, chai ya matanga iko motoni, mmejitanda kanga mnatungojea. Mnakumbuka mmoja wenu aliinuka akaniuliza, "Mmemzika salama?" Nami nilipita kimya nikaenda zangu nyumbani, na wengi mkadhani ni uchungu wa msiba.

Jibu langu ni hili. Hilda tulimzika siku nyingi, kila tulipomwambia Saidi "tunakuja." Siku ile ya Bunju tulimfukua tu, na yeye ndiye aliyetupa mkono tukatoka wote.

Siku hizi msibani sianzi mimi. Nasubiri mfiwa. Na fundo la wale mama wa Tegeta lilikwishafika, nililipeleka mwenyewe Jumamosi iliyofuata, nikaimba sauti yangu kwa mkwaruzo uleule, Hilda akanisubiri kila nilipokwama. Sijayaandika haya ili mnicheke, ingawa mna haki. Nimeandika kwa sababu kesho ni Jumatano. Saidi atakuwa anapakua nyuma ya soko. Nendeni mkamwulize amebeba salamu za nani.